Mawasiliano Yetu, Mali Yetu



Tunayo furaha kubwa kusimama mbele yenu hapa Kolo, siku ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, mizani na mbegu. Sisi tumepewa kusema juu ya jambo lisiloshikika mkononi, nalo ni mawasiliano.

Mtakumbuka msimu ule wa alizeti, ulipopita ujumbe katika simu zetu ukisema kwamba bei imeshuka na kwamba Chama hakitapokea mazao tena. Ujumbe ule ulibeba jina la Chama, wala haukutoka kwetu. Kabla hatujawafikia wanachama wa vijiji vyote, wengi walikwisha kuuza magunia yao njiani kwa bei ya kutupa. Hatumlaumu mtu. Kosa lilikuwa letu wenyewe: tulijenga ghala, hatukujenga njia ya kusemezana.

Wako waliotutangulia katika kazi hii. Tangu tarehe 28 Oktoba hata 2 Novemba, mwaka 2019, palifanyika Dodoma mkutano wa nne wa Afrika juu ya mitandao ya jamii, yaani mawasiliano yanayojengwa na kuendeshwa na wenyeji wenyewe. Nao mji wa Kondoa, jirani zetu, ulikuwa mahali pa majaribio: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walipeleka intaneti kwa njia ya masafa ya televisheni yasiyotumika. Masafa hayo hufika mbali, na miti haiyazuii upesi, jambo lifaalo sana katika nchi yetu. Na huko Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji walisajili mwaka 2014 chama cha ushirika kiitwacho Zenzeleni, wakaweka mitambo majumbani mwao kwa nguvu za jua. Hao ni wanaushirika kama sisi.

Twajifunza mambo matatu. Kwanza, chombo kiwe wazi, ili fundi wetu aweze kukichungua na kukitengeneza bila kumngojea mwenye siri yake. Pili, kisitegemee mahali pamoja. Kituo kimoja kikizimika, vingine viendelee, kama vile chama cha msingi kimoja kikipata shida, vingine havifungi milango. Tatu, kiwe salama: ujumbe wa Chama utambulikane kuwa ni wa Chama, na mtu mwingine asiweze kuuiga.

Pengine mtauliza, yawezekanaje kitu kiwe wazi na tena kiwe salama? Jibu ni rahisi. Kila mtu ajua jinsi kufuli inavyofanya kazi, lakini ufunguo hukaa kwa mwenyewe. Bei ya mazao na ionekane kwa wote, kama michoro ya miambani ya Kolo, ambayo hata mpita njia huitazama. Lakini hesabu ya mwanachama, deni lake na malipo yake, ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatudai hivyo, na heshima yatudai zaidi.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali tuanze kidogo. Kila chama cha msingi kiwe na nakala yake ya daftari, iliyofungwa vema. Vijana wawili, mvulana na msichana, wapelekwe kujifunza ufundi. Kisha tuombe idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, tusimamishe kituo cha kwanza ghalani. Gharama zake zisomwe hadharani, kama zisomwavyo za ghala.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tulikataa kupimiwa mazao kwa mizani ya mwingine. Yatupasa sasa tukatae kusemewa kwa kinywa cha mwingine.

Ushirika ni nguvu.