Maumivu Si Kosa: Heshima ya Mgonjwa Kwenye Dirisha la Dawa



Hoja yangu jioni hii ni moja: dawa kali za maumivu zilindwe kwa sheria na kumbukumbu, si kwa kumdhalilisha anayezihitaji. Mgonjwa wa selimundu au saratani akifika dirishani na cheti halali, kisha akahojiwa mbele ya watu kama teja, hakuna anayelindwa. Dharau hiyo humfundisha kuficha hali yake na kuchelewa kurudi kutibiwa. Maumivu hayana kipimo cha damu wala picha ya eksirei ya kuonyesha ukali wake. Ndiyo maana jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maumivu, ilipohuisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020, ilieleza kuwa kauli ya mtu kuhusu maumivu yake iheshimiwe.

Anayepinga ataitaja Marekani, na hofu yake ina msingi. OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, iliingia sokoni huko mwaka 1996 kwa matangazo yaliyofifisha hatari ya uraibu, na kati ya 1999 na 2020 dawa za jamii ya afyuni, za hospitali na za magendo, ziliua zaidi ya watu 500,000. Lakini tuisome historia hiyo hadi mwisho. Mwongozo wa tiba wa mwaka 2016 kuhusu kuandika dawa hizo ulipochukuliwa kama amri, wagonjwa wengi walikatiwa dawa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kwamba kukatiza hivyo kumeleta mateso makubwa na hata watu kujiua. Mwaka 2022 mwongozo ukarekebishwa. Katika miaka hiyo vifo navyo viliongezeka, vikisukumwa na fentanili ya magendo. Kumbana mgonjwa hakukumzuia mlanguzi.

Uganda imeonyesha njia nyingine. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, iliyotumia mofini ya maji, dawa ya kunywa isiyo ghali. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Ulinzi hapo umejengwa juu ya mafunzo na kumbukumbu. Ni kweli kwamba si kila maumivu sugu yanahitaji mofini. Lakini uamuzi huo ni wa chumba cha daktari, hautolewi kwa kutazama sura au mavazi ya mtu dirishani.

Mfamasia ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda dawa hizi, na akiwa na shaka ana haki ya kuthibitisha. Basi ampigie daktari simu, amsikilize mgonjwa faraghani, aandike alichoamua na sababu zake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, pamoja na ukali wake wote, unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu. Nawaomba wakuu wa vitivo vya famasia na tiba waufundishe wajibu huo wa pili, wa kutuliza maumivu ya mgonjwa kwa heshima, kwa uzito uleule wanaoupa ule wa kwanza wa kuzilinda dawa.