Kopo la Pipi na Mmea Ulao Wadudu

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu.)



Awali ya yote napenda kuishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusimama katika bwalo hili, ambamo zamani nilizoea kusimama kwa sababu moja tu, nayo ni foleni ya ugali. Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mtumishi wa umma na maendeleo. Nilimjibu kwamba jambo hilo limekwisha kuzungumzwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko changu, na kwamba mimi ningependa kuja na kopo la pipi. Hakunielewa, lakini kwa uungwana wake alikubali.

Kopo lenyewe ni hili hapa mezani. Ni la plastiki ionyeshayo ndani, la aina ile ambayo wenye maduka huwekea pipi. Pipi zilipokwisha, mwenye duka alinipa bure. Ndani yake kuna udongo mweusi, na juu ya udongo kuna vimea vitano vyenye majani mekundu. Kila jani limejaa vinywele, na kila kinywele kimebeba tone dogo linalong'aa kama umande. Walio nyuma watapita baadaye wakatazame. Tafadhali msiguse. Hakitamuuma mtu, lakini vidole vyetu huharibu gundi yake.

Mmea huu wataalamu huuita Drosera. Sisi katika kidato cha tatu, mwaka 1997, tuliuita "kigundi". Tuliufahamu kwa sababu uliota kwa wingi katika kinamasi kile kilichoko nyuma ya mabweni, chini ya chemchemi. Mwalimu wetu wa Baiolojia alitupeleka huko siku moja, akatuchuchumaza kwenye matope, akatuonyesha mbu aliyenasa juu ya jani. Tulikaa pale mpaka kengele ya chakula ikalia, na hapana aliyeondoka. Wanaokumbuka njaa ya miaka ile watajua kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nafika mahali pa kuungama. Siku ya Wazazi ilikuwa imekaribia, na kila darasa lilitakiwa kuonyesha kitu. Mimi na wenzangu wawili tulikwenda kinamasini na jembe, tukang'oa vigundi vyote tulivyoviona upande wa huku, tukajaza karai mbili. Tukavipanda katika udongo mzuri wa bustani, tukaongeza samadi ya zizi la shule, na asubuhi na jioni tukavimwagilia maji ya kisima. Tulivitunza kuliko tulivyojitunza wenyewe. Siku ya Wazazi ilipofika, karai zote mbili zilikuwa na majani meusi yaliyooza.

Mwalimu hakutupiga. Alitupa karatasi moja, akasema: "Andikeni ripoti. Imekufa kwa nini?" Tuliandika ukurasa mzima wa maneno, na mwisho tukaweka: "Sababu haikujulikana." Mwalimu wangu yule amestaafu, na leo amekaa pale mbele. Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukamilisha ripoti, na naomba radhi kwa kuchelewa.

Mwalimu, tuliiua kwa wema. Kigundi ni mmea wa mahali maskini. Udongo wa kinamasi umejaa maji wakati wote, una asidi, na chumvichumvi za kulishia mimea ni haba sana. Mimea mingi haiwezi kuishi hapo. Kigundi kinaweza, kwa sababu kimejitafutia njia nyingine. Chakula chake hukitengeneza kwa mwanga wa jua kama mimea yote, lakini naitrojeni na fosforasi, ambazo mahindi huzipata kwa mizizi, chenyewe huzipata kwa mdudu. Mdudu akinasa, vinywele vya jirani humwinamia na kumzingira. Kisha jani hutoa maji ya kumeng'enyea, na baada ya siku kadhaa hubaki ganda tupu. Mizizi yake ni hafifu, na haikuzoea utajiri. Ukiipa samadi, umeiunguza. Ukiipa maji ya kisima, ambayo yamepita katika miamba na kuyeyusha madini mengi, utakuwa unaijazia chumvi siku hadi siku. Kazi yangu serikalini ni ya mambo ya maji, na kila juma napima chumvichumvi hizo katika visima vya wananchi. Naona haya kusema ni miaka mingapi ilipita kabla sijakumbuka karai zile.

Watu walioutafiti mmea huu kwa vyombo duni ni wengi. Charles Darwin aliuona nchini Uingereza mwaka 1860, akaufanyia majaribio kwa miaka, na mwaka 1875 akachapisha kitabu kizima juu ya mimea ilayo wadudu. Vifaa vyake vingi vilikuwa vya jikoni: nyama, maziwa, ute wa yai, sukari. Aliona kwamba majani huinama kwa vitu vyenye naitrojeni, na kwamba maji ya sukari au wanga hayayatikisi. Mwanawe, Francis, alitoa mwaka 1878 matokeo ya kulinganisha mimea iliyolishwa na isiyolishwa, na iliyolishwa ilizaa mbegu nyingi zaidi. Hata kukuza mimea katika chombo cha kioo kulianza kwa bahati tu. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifunika buu la nondo ndani ya chupa mwaka 1829 ili aone likigeuka, akakuta kangaga imeota humo bila kumwagiliwa. Kutokana na chupa ile yakatengenezwa makasha ya kioo yaliyosafirisha miche baharini, ikiwemo miche ya chai iliyotolewa China kwenda India.

Nasema haya kwa ajili ya wadogo zangu ambao huenda wanadhani sayansi haiwezekani mpaka maabara ije na vifaa kutoka mjini. Kopo hili halikunigharimu hata senti. Naomba mchukue kalamu, nitaeleza lilivyotengenezwa.

Kwanza, chombo. Kiwe kinaonyesha ndani, na mdomo wake upitishe mkono. Kopo la pipi linafaa, na dumu la lita 5 lisilo na rangi, lililokatwa juu, linafaa pia. Kisiwe kilichowahi kuwekwa dawa za shambani wala chumvi. Kioshe kwa sabuni na kukisuuza mara nyingi. Toboa matundu manne au matano chini kwa msumari uliopashwa moto.

Pili, udongo. Changanya kipimo kimoja cha udongo mweusi mwepesi wa kinamasi, ule unaoshika maji kama sponji, na kipimo kimoja cha mchanga mweupe wa mtoni. Udongo msiuchimbe upya, maana uliorushwa kando ya mifereji ya vinyungu unatosha. Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Kabla ya kuutumia, udondoshee maji ya limau. Ukitoa povu, una chokaa, uache. Wenzetu waishio pwani wasichukue mchanga wa ufukweni, kwa sababu umejaa chumvi na vipande vya kombe. Jaza kopo kwa kina cha sentimita 7 au 8 hivi.

Tatu, maji. Hapa ndipo penye roho ya mmea. Tumia maji ya mvua peke yake, yaliyokingwa kwa beseni safi mahali pa wazi. Liweke kopo ndani ya sahani yenye maji hayo kina cha sentimita 1 au 2, udongo uyanywe kutoka chini. Msidhani kuchemsha maji ya bomba kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua. Kingeni dumu zima wakati wa masika, liwasaidie kiangazi.

Nne, mbegu yetu ni jani. Msing'oe mmea. Chukua jani moja lililokomaa, pamoja na kikonyo chake, ulilaze juu ya udongo uliolowa, upande wa vinywele ukitazama juu, na ulikandamize kidogo ligusane na udongo. Funika kopo, uliweke mahali penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya majuma kadhaa mtaona vichipukizi vidogo kama vichwa vya pini vikiota juu ya jani lenyewe. Vimea hivi vitano vyote vimetoka katika jani moja. Niliona uchungu kidogo nilipovihesabu, nikikumbuka karai mbili. Naongeza kwamba ndani ya hifadhi, mathalani Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa mwaka 2005, hata jani moja haliruhusiwi kuchumwa.

Tano, mwanga. Vimea vikiota, zoesheni hewa kidogo kidogo: siku chache kifuniko kikae upande, kisha kiondoeni kabisa. Hamisheni kopo kwenye dirisha lipatalo jua la asubuhi. Kopo lililofunikwa likiachwa juani huwa chungu cha kupikia, na kopo langu la kwanza lilikufa hivyo mchana mmoja tu. Mmea ukiwa na wekundu na matone mengi, mwanga unatosha. Ukiwa kijani kibichi, umerefuka na hauna umande, unalalamika.

Sita, chakula. Mbolea ni marufuku. Nyama pia, kwa sababu huoza kabla ya kumeng'enywa. Mbu mmoja au sisimizi mdogo katika majuma mawili au matatu anatosha kabisa, na kopo likikaa wazi mara nyingi mmea hujiwindia.

Mkishakuwa na makopo mawili, mtakuwa na jaribio. Moja lilisheni, jingine lifunikeni kwa chandarua wadudu wasiingie, na mengine yote yawe sawasawa: udongo, maji, mwanga. Hesabuni majani kila Jumamosi na kuandika katika daftari. Katika miezi mitatu mtakuwa mmefanya kazi inayofanana na ya Francis Darwin, na gharama yake ni makopo mawili na subira. Nikiwa mwanafunzi niliikariri Elimu ya Kujitegemea kwa ajili ya mtihani. Siku hizi naielewa kuwa ni jambo la namna hii.

Ndugu Mwenyekiti, nisingekuja na kopo kama ningekuwa na hakika kwamba kinamasi kipo. Jana jioni nilitembea huko. Upande ule tulioung'oa sisi mwaka 1997 sikuona hata kigundi kimoja. Upande wa chini umekuwa vinyungu, na mifereji imepanda mpaka karibu na chemchemi. Silaumu wanaolima. Wengine ni jirani zetu ambao mahindi yao ya kiangazi ndiyo ada za watoto waliokaa humu ndani leo, na kipande kimoja ni shamba la shule yenyewe. Aidha, mtu aliyetangulia kuharibu kwa jembe hana mdomo wa kumsema mwenzake.

Hata hivyo nasema kama mtu wa maji. Kinamasi ndicho kinachoyashika maji ya masika na kuyaachia taratibu. Mfereji ukifika kwenye jicho la chemchemi, kinamasi kitakauka, na tangi la shule, ambalo hunywa kutoka chemchemi hiyo, litaanza kuwa tupu mwezi Septemba. Nimeliona hilo vijijini, na kulirekebisha ni gharama kubwa.

Kwa hiyo natoa ombi moja. Nilihesabu hatua: kutoka kwenye jicho la chemchemi mpaka mwanzo wa kinyungu cha kwanza ni hatua 40. Naomba hatua hizo 40 ziachwe kama zilivyo. Uongozi wa shule na Serikali ya Kijiji wakae na jirani zetu, waweke alama za mawe, na mtu yeyote asivuke na jembe. Katika hatua hizo 40 nilihesabu vigundi 31. Mimi niko tayari kuja kwa likizo yangu kusaidia kupima, na wenzangu wawili wa karai wameahidi kuleta mawe. Mmoja ana lori, basi hana kisingizio.

Kopo hili nalikabidhi leo kwa kidato cha tatu. Sikulitengeneza ili lichukue nafasi ya kinamasi. Mmea ukikaa dirishani bila mahali pa kurudi, huo ni mgonjwa aliyelazwa. Kikiwa kinamasi kipo, kopo litawasaidia kukitazama kwa karibu bila kukikanyaga, na kila atakayetaka la kwake atachuma jani moja na kuuacha mmea.

Mwalimu, ripoti yangu inaishia hapo. Sababu ya kifo: wanafunzi walisaidia kabla ya kuuliza. Naomba uisahihishe ukipata nafasi, na alama yoyote utakayonipa nitaipokea.

 Idumu shule yetu.