Simu Yako, Haki Yako
Ndugu zangu wa Kisumu, wazazi na vijana, simu leo ndiyo duka, ndiyo benki. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama anayeuza samaki pale Dunga hulipwa bila kushika noti. Hilo ni jema.

Lakini simu hiyo hiyo inatoa mkopo kwa dakika chache, na programu nyingine huomba kwanza kusoma majina yote uliyohifadhi. Unabonyeza “kubali” tu. Ukichelewa kulipa, anapigiwa shemeji, mwalimu wa mtoto, hata imamu. Deni ni lako, ndiyo. Aibu hiyo ni dhuluma.

Sasa sikiza, sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zako. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji kukutisha au kuwasumbua watu walio kwenye simu yako. Dawa ya deni ni kulipa, lakini ukitukanwa usifute ujumbe. Piga picha ya skrini, weka tarehe, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na wewe kijana, mamako akikuletea simu umsomee, msomee yote, hata pale pa ruhusa.