Tundu la Kuziba na Tundu la Kuacha

Leo naomba usimame, mbebe mwanao ikibidi, tuizunguke nyumba tukitafuta matundu.

Naanzia Mji wa Kale, jirani na Ngome ya Yesu. Kuta za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Pale boriti inapoingia ukutani, chokaa hubomoka na nafasi hubaki. Humo hujificha mende, na panya mdogo hupenya tundu lenye upana wa kalamu tu. Nawe wa Likoni au Majengo, tazama chini ya mlango, kwenye bomba, na paa linapokutana na ukuta.

Si suala la usafi peke yake. Kinyesi na maganda ya mende huamsha pumu kwa watoto. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vinavyodhuru figo na ini.

Tundu la panya lijaze kwanza waya wa kusugulia sufuria, maana hawezi kuutafuna kwa urahisi, kisha lipake juu. Ukuta wa zamani upake chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu, hufungia unyevu ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. (Mafundi wengine watabisha, nyinyi shikilieni chokaa.) Kwenye fremu za madirisha na mabomba tumia silikoni ya tyubu kutoka hadiwea. Futa vumbi, pakaushe, kamua taratibu, na watoto wakae mbali mpaka ikauke. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo kabla ya kugusa sehemu ya nje, uliza ofisi ya uhifadhi.

Na mbu? Mombasa ilipata homa ya dengi 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu wa homa hizo huuma mchana na hutaga kwenye maji tunayoweka akiba. Ukiziba nyufa zote ukaacha pipa wazi, umemfungia ndani.

Sasa sikiliza hapa. Tundu la hewa lililo juu ya dirisha usilizibe. Liwekee wavu.

Msimu mmoja wa masika, mama mmoja aliniletea watoto wawili wanaotapika na kulia kichwa. Nami niliwaza malaria mara moja. Tukapima damu, hakuna kitu. Ndipo nikamwuliza, “Mama, jana mlipikia wapi?” Mvua ilikuwa kubwa, akaingiza jiko la makaa chumbani, akaziba matundu yote kwa matambara ili mbu wasiingie. Bibi yao aliamka usiku kwenda msalani, akaacha mlango wazi. Nadhani hilo ndilo lililowaokoa.

Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, hata moshi ukiwa umekwisha. Mjamzito na mtoto aliye tumboni huidhurika zaidi. Jiko likae nje au penye upepo, na lisilale chumbani na watu.

Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, mkawa na kizunguzungu, tokeni nje kwanza, wote, kisha nendeni hospitali, hata yule anayesema yeye mzima. Na ukifika, mwambie muuguzi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Asipoambiwa, atatafuta malaria kama nilivyofanya mimi.