KUNGOJA KABULI: WASIWASI WA MWANAFUNZI NA ADABU YA MUUMINI

(Mawaidha yaliyotolewa baina ya Magharibi na Isha)

Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wamo humu vijana waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza, wakatuma maombi ya masomo ya uzamili Madina, al-Azhar na kwingineko. Vyeti vimefasiriwa na kupigwa mihuri, tazkiya za masheikh zimepatikana. Kilichobaki ni kabuli, yaani barua ya kukubaliwa, nayo haiji. Tangu vita vilipozuka Khartoum mwezi wa Aprili 2023, wanafunzi wetu wakalazimika kurejea makwao, macho yamezidi kuelekea milango michache iliyobaki.

Nasi tuliyaonja hayo. Tulingoja mwaka na ushei. Tulikuwa tukitoa salamu ya swala na kuishika simu kabla ya adhkari. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Jirani mmoja kila akituona huuliza, "Maalim, safari lini?", hata tukawa twapita uchochoro wa nyuma ili tusikutane naye, ilhali maskini hakukusudia ila kheri.

Twayasema haya waziwazi kwa kuwa wapo wanaoyaficha, wameambiwa kwamba mwenye wasiwasi hana imani. Kauli hiyo haina msingi. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, kama ilivyokuja katika Surat Yusuf, na nani atathubutu kumtoa katika imani? Alimshitakia Allah majonzi yake, kisha papo hapo akawaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Naye Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.), amepokea kwamba alikuwa akimsikia mara nyingi akijikinga kwa Allah na hamm na hazan. Wanazuoni wamepambanua: hazan ni huzuni ya lililopita, na hamm ni dhiki ya lijalo. Basi hiyo ya pili ndiyo yenu, na dawa yake tumefundishwa.

Hapa yatupasa kusimama kidogo kwenye istikhara, maana wengi wameswali kisha wanangoja ndoto. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahihi Bukhari hakukutajwa ndoto. Mja anaomba jambo liwe kama lina kheri na dini yake na maisha yake, na kama ni shari liepushwe naye, naye aepushwe nalo, kisha aridhishwe na kheri popote ilipo. Aliyeswali hivyo ameomba yote mawili kwa ulimi wake mwenyewe. Itakuwaje basi jibu likija la kukataliwa aseme kwamba dua yake haikujibiwa? Huyu hakuwa akiomba ushauri. Alikuwa akitoa amri na kuiita istikhara.

Wasiwasi ukikosa adabu huwa na wateja wake. Wa kwanza ni mganga, atakayesema nyota ya kijana imefungwa na yahitaji kusafishwa. Hiyo ni shirki, hatutarefusha maneno. Wa pili ni dalali, mwenye kudai kuwa anamjua mtu ofisini na kwa kiasi fulani cha fedha faili litasogezwa. Huyu ni hatari zaidi kwetu, kwani huja na kanzu na salamu.

Mtazameni Ka'b bin Malik (R.A.). Hatulinganishi kosa lake la kubaki nyuma katika Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, na maombi ya chuo; twatazama kungoja kwake. Siku 50 watu walikatazwa kusema naye. Wenzake wawili walijifungia nyumbani wakilia. Yeye alitoka, akahudhuria swala pamoja na Waislamu, akatembea sokoni, na hakuna aliyemsemesha. Katikati ya dhiki hiyo ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan, ikimkaribisha kwake kwa heshima. Naye hakuiweka akiba. Aliitia katika tanuri ikaungua. Na alipokuwa juu ya dari ya nyumba yake, baada ya kuswali Alfajiri ya siku ya 50, ndipo akaisikia sauti ya mpiga mbiu kutoka jabali la Sal'.

Enyi wazazi, nanyi lenu ni dogo: msimuulize kijana kila mlo. Likiwapo la kusema atalisema.

Darasa la Nahau halikuvunjwa kwa sababu ya maombi ya mtu yeyote. Ni Jumamosi baada ya Alfajiri, na wanaongoja kabuli ndio tunaowataka wakae safu ya mbele, kwani watoto wa darasa la pili hawana mwalimu tangu Rajab.

Wabillahi tawfiq.