Ukungu wa Mlimani, Ukungu wa Ukutani

Kila ifikapo Juni na Julai, Mlima Meru hujifunika mawingu na Arusha yetu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hushikwa na baridi. Tunafunga madirisha, nguo za mtoto tunazianika ndani. Sasa vuta kabati kidogo, uchungulie nyuma yake. Madoa meusi ya ukungu, na harufu ile ya nguo iliyolala mbichi.

Kwa nini tulizungumze jambo hili? Ukungu huo hutoa chembechembe ndogo mno, nasi tunazivuta usiku kucha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba wakaaji wa nyumba zenye unyevu na ukungu wamo hatarini zaidi kupata maradhi ya njia ya hewa, na mwenye pumu, pumu humzidia.

Wenye nyumba husema wapangaji hawafungui madirisha. Lipo la kweli hapo, maana mvuke wa sufuria lazima upate pa kutokea. Lakini mpangaji wa Sakina au Kijenge naye atakuonyesha bati linalovuja na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Huo dirisha haliuondoi. Na kupaka rangi juu ya doa kabla mpangaji mpya hajahamia, mimi nasema ni kumficha hatari anayokwenda kuilalia.

Swali ninalokuachia: ukuta ukilowa kutokea chini, na mtoto anakohoa, nani agharamie matengenezo?