Mkono Upi? Maandishi ya Mapigo ya Msingi ya Ngoma ya Snea na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mnajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika ngoma za gwaride. Jibu langu ni fupi: natafuta maandishi. Kila fani inayotaka kuyahifadhi matendo yake kwenye karatasi hukabiliwa na maswali yaleyale yanayomkabili mtu anayeiundia lugha othografia. Kipi kiandikwe? Kipi kiachwe kwa kuwa msomaji atakibashiri mwenyewe? Na kitakachoandikwa, kiandikwe kwa herufi zipi?

Ngoma ya snea ni ngoma fupi ya bendi yenye ngozi mbili, ambayo chini ya ngozi yake ya chini zimetandikwa nyuzi zinazotoa mchakacho kila ngozi ya juu inapopigwa. Hupigwa kwa mikwiro miwili, mmoja kila mkono. Katika Afrika ya Mashariki ngoma za namna hii ziliingia pamoja na bendi za kijeshi za wakoloni, na wenyeji wakazifanya zao katika ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Mwanahistoria Terence Ranger aliieleza habari ya beni kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1975. Hadi leo snea husikika katika bendi za majeshi, polisi, shule na makanisa. Mafunzo yake hutolewa kwa Kiswahili kwa njia ya mdomo, ilhali kurasa za mazoezi mara nyingi ni za Kiingereza. Pengo hilo baina ya kinywa na karatasi ndilo kiini cha mhadhara huu.

2.0 Historia kwa Ufupi

Mapigo ya msingi ni vipande vifupi vya mapigo ambavyo mpigaji hujifunza mpaka mikono ivizoee, kisha huviunganisha kuunda utungo mrefu. Jitihada za kuyaandika zina umri mkubwa. Mwaka 1589 Thoinot Arbeau wa Ufaransa alichapisha kitabu kuhusu dansi, na humo aliyaeleza mapigo ya ngoma ya askari kwa silabi: *tan* kwa pigo moja refu, *tere* kwa mapigo mawili ya kasi zaidi, na *fre* kwa mapigo manne ya kasi zaidi ya hayo. Nchini Marekani, Charles Stewart Ashworth alitoa mwongozo wake mwaka 1812, naye Gardiner Strube akatoa wake wenye mapigo ya msingi 25 katika mwaka 1870. Mwaka 1933 chama cha wapiga ngoma kilichoundwa Chicago kilichagua mapigo 13 kuwa ya lazima, baadaye kikaongeza mengine 13. Katikati ya miaka ya 1980, chama kiitwacho Percussive Arts Society kiliipanua orodha ikafikia mapigo 40, yaliyogawanywa katika mafungu manne. Hiyo ndiyo orodha itumikayo zaidi leo.

Kuhusu mikono yenyewe, njia mbili zimeshindana. Njia ya kwanza ni ya herufi: chini ya kila noti huandikwa R kwa mkono wa kulia na L kwa mkono wa kushoto. Kitabu cha mazoezi cha George Lawrence Stone cha mwaka 1935 kimejaa kurasa za herufi hizo. Njia ya pili ni ya nafasi. Mwaka 1928, katika mji wa Basel nchini Uswisi, Fritz Berger alichapisha mfumo wa mstari mmoja: noti za mkono wa kulia hukaa juu ya mstari na za mkono wa kushoto hukaa chini yake. Bendi za zumari za Scotland nazo zilikuja kuufuata mfumo wa aina hiyo.

3.0 Kuandika Sauti na Kuandika Kiungo

Tofauti baina ya Arbeau na Stone ni tofauti tunayoifahamu vyema katika fonetiki. Sauti ya lugha inaweza kuelezwa kwa jinsi inavyosikika, au kwa jinsi viungo vya kinywa vinavyoitamka. Silabi za Arbeau ni maandishi ya masikio, haziuelezi mkono. Herufi za Stone ni maandishi ya viungo: zinataja kitamkio, na urefu wa pigo zinauacha kwa noti zilizo juu yake.

Chukueni mapigo manane yaliyo sawa kwa urefu na kwa nguvu. Mpigaji mmoja anaweza kupishanisha mikono kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwingine anaweza kupiga kulia, kushoto, kulia, kulia; kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Wote wawili wakiwa mahiri, sikio halitawatofautisha. Kwa lugha yetu, tofauti ya mikono hapa haibadili kinachosikika, kama ambavyo tofauti baina ya alofoni haibadili maana ya neno.

Kwa nini basi ihangaikiwe? Ziko sababu tatu. Kwanza ni kasi: mkono unaopiga mara mbili mfululizo hutumia mdunduko wa mkwiro, hivyo mwendo mmoja wa mkono huzaa mapigo mawili. Pili ni mkazo: mpangilio wa mikono huamua ni mkono upi utakaobeba pigo lenye nguvu. Tatu ni mwonekano: katika gwaride wapigaji wengi husimama safu moja, na mkono mmoja uliokwenda kinyume huonekana hata kwa asiyejua lolote kuhusu muziki.

4.0 Mofolojia ya Paradidili

Pigo nililolitaja hivi punde huitwa *paradidili*, na jina lake linastahili kuchanganuliwa. Lina vipashio viwili. *Para* ni mapigo mawili yanayopishana mikono. *Didili* ni mapigo mawili ya mkono mmoja, jambo ambalo katika mofolojia tungeliita uradidi. Tukichukua M kwa mkono wa kuume na S kwa mkono wa kushoto (sababu nitazieleza punde), tunapata:

paradidili: M S M M
paradidili mbili: M S M S M M
paradidili tatu: M S M S M S M M
paradidili-didili: M S M M S S

Mtaona kwamba katika “paradidili mbili” kinachorudiwa ni *para* peke yake. *Didili* hubaki moja. Aidha, kila kipashio kina mapigo mawili, hivyo idadi ya mapigo ni idadi ya vipashio mara mbili.

Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba majina haya hayataji mkono wowote, lakini mikono yote inaweza kukokotolewa kwa kanuni moja: *kila kipashio huanza na mkono ulio kinyume cha mkono wa pigo lililotangulia*. Tuijaribu. *Para* iliyoanza na M huishia na S, kwa hiyo kipashio kinachofuata kitaanza tena na M. *Didili* iliyoanza na M huishia na M, kwa hiyo kinachofuata kitaanza na S. Basi *para* huuhifadhi mkono wa kuanzia, na *didili* huubadili. Inafuata kwamba pigo lenye idadi witiri ya *didili* likirudiwa litaanza na mkono wa pili, na lenye idadi shufwa litaanza na mkono uleule. Ndiyo maana paradidili hurudiwa kama S M S S, ilhali paradidili-didili huanza kila mara na mkono uleule mpaka mpigaji aamue kuubadili.

Ikiwa mikono inabashirika, je, kuna haja ya kuiandika? Kiswahili kinatupa mfano. Mkazo wa maneno yetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuuandiki. Hata jozi ya *barabara*, yaani njia, na *barabara*, yaani sawasawa, tunaiachia muktadha. Lakini mwalimu anayemfundisha mgeni hulazimika kuweka alama ya mkazo, angalau katika somo la kwanza. Kwa kuzingatia hilo, naona ukurasa wa mwanafunzi anayeanza uandikwe mikono yote. Ukurasa wa mpigaji mzoefu uandikwe mkono wa kuanzia tu, pamoja na mahali ambapo kanuni inavunjwa.

5.0 Herufi Zipi kwa Kiswahili?

Sasa tufike kwenye suala lenye madhara ya moja kwa moja darasani. Chaguo la kwanza ni kuendelea na R na L. Faida yake ni kwamba vitabu vingi vinazitumia. Hata hivyo, lugha kadhaa za Kibantu hazitofautishi /r/ na /l/ kifonimu, na baadhi ya wazungumzaji wake huzibadilisha hata katika Kiswahili, ambamo tofauti hiyo hutenganisha *kura* na *kula*, *mahari* na *mahali*. Mwalimu anapoziimba herufi hizo kwa sauti, utengano wote wa mikono unategemea jozi ya fonimu iliyo dhaifu kuliko nyingi kwa wanafunzi hao.

Chaguo la pili ni herufi za mwanzo za *kulia* na *kushoto*. Hili halisimami hata kidogo, kwa kuwa maneno yote mawili huanza na *ku-*.

Chaguo la tatu ni kuiacha *ku-* na kuchukua herufi inayofuata: L kwa kulia, S kwa kushoto. Hapa pana mtego. Katika vitabu vya Kiingereza L ni mkono wa kushoto. Mwanafunzi atakayetumia karatasi ya Kiswahili asubuhi na kitabu cha Kiingereza jioni atakutana na herufi moja yenye maana mbili zinazopingana. Isitoshe, *kulia* lina uzito wake mwingine: ngoma nayo hulia, na “pigo la kulia” laweza kueleweka kuwa pigo la kutoa sauti.

Napendekeza turejee kwenye neno *kuume*, ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalifahamu, na tuchukue silabi moja kutoka kila neno: *me* kutoka kuu*me*, na *sho* kutoka ku*sho*to. Herufi zake ni M na S. Faida zake ni tatu. M haitumiki kwa mkono wowote katika mifumo ya R na L ya Kiingereza, D na G ya Kifaransa, au D na S ya Kiitaliano. Na S ya Kiitaliano, kwa bahati njema, nayo ni kushoto. Pili, kila pigo linapata silabi moja tu, hivyo mafunzo ya mdomo na ya karatasi yanalingana: *me sho me me, sho me sho sho*. Tatu, silabi hizo zina muundo wa konsonanti na irabu, ulio mwepesi kwa ulimi wa Mswahili hata katika mwendo wa kasi.

Wapo watakaopinga kwamba *kuume* linaufungamanisha mkono wenye nguvu na jinsia ya kiume. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini katika jozi hii mwenzake si *kuke*, bali *kushoto*, na silabi *me* ikishazoeleka itakuwa alama tu ya mkono.

6.0 Mapigo Madogo na Suala la Ngeli

Yapo mapigo ambayo kabla ya pigo kuu hutanguliwa na mguso mdogo wa mkono wa pili, unaopigwa kutoka kimo cha chini. Mguso ukiwa mmoja huitwa *flamu*, na ikiwa miwili huitwa *dragi*. Kwa desturi miguso hiyo huandikwa kwa herufi ndogo: sM na ssM. Pigo liitwalo *ratamakyu* lina umbo ssM S M S, na likigeuzwa ni mmS M S M.

Kiswahili kina kitu ambacho Kiingereza hakina: ngeli ya udogo. Herufi ndogo kwenye karatasi inafanya kazi ileile inayofanywa na kiambishi *ki-* katika neno. Mtu angefikiria mara moja kulitumia neno *kipigo*, lakini wasomaji wa kurasa za michezo wanajua kwamba neno hilo limekwishachukuliwa na timu iliyofungwa mabao mengi. Heri tuseme *kidundo*, kutokana na *mdundo*. Hivyo flamu ni pigo la kidundo kimoja, na dragi ni pigo la vidundo viwili. Majina ya kutoholewa yabaki kwa mawasiliano ya kimataifa. Haya mengine yatumike kufafanulia.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha mambo matatu: kwamba maandishi ya mikono ni maandishi ya utamkaji, kwamba jina paradidili limebeba sarufi ndogo inayoweza kuelezwa kwa kanuni moja, na kwamba herufi M na S, pamoja na neno kidundo, zinaweza kumhudumia mwanafunzi bila kumpotosha anapokwenda kwenye vitabu vya nje.

Mara kwa mara tunasikia kwamba Kiswahili hakitoshi kwa elimu ya juu. Mjadala huo huendeshwa kwa istilahi za fizikia na sheria, nao ni wa lazima. Lakini lugha hujengwa pia katika stadi za mikono, pale kijana anapoambiwa afanye nini sasa, kwa mkono upi. Akiagizwa kwa lugha anayoielewa na kuandikiwa kwa lugha hiyohiyo, ataweza kujisahihisha mwenyewe mwalimu akiwa hayupo. Wanafunzi wangu, pendekezo hili si msahafu. Lipelekeni kwa wapigaji wa bendi, lijaribuni kwa mikwiro, na mlirekebishe pale litakaposhindwa kuendana na mkono.